Kurusha Akala Mara ya Pili

Nilipokuwa mtoto, mambo mazito kwetu Lodwar yaliamuliwa na akala za nyanya yangu, vile viatu vya tairi. Mbuzi akipotea, nyanya anazivua, anazinong'oneza, anazirusha juu, halafu anasoma zilivyoanguka. Sharti lake lilikuwa hili: jambo moja, mara moja. Ukirudia, zinadanganya.

Mama alienda Kakuma kuwauzia wakimbizi makaa, akasema ni wiki tu. Misimu miwili ya mvua ikapita. Nikamsumbua nyanya hadi akarusha. Akala zikaanguka zimepeana visigino, moja ikitazama kwetu, nyingine Kakuma. Akazivaa, akachukua mtungi.

"Zimesema nini?"

"Zimesema twende tukateke maji."

"Nyanya, usinizungushe! Anarudi ama harudi?"

"Wewe na hasira yako kama punda. Harudi."

Nikazichomoa miguuni mwake, nikarusha mwenyewe, tena na tena, mpaka zikalala sambamba zikielekea mlangoni.

"Ona! Anakuja!"

Nilingoja kofi. Badala yake akakaa chini. "Anakuja na nini?"

Nikasema na lori kutoka Lokichoggio linalopitia Kakuma, amekaa juu ya magunia, shuka nyekundu, anamtukana dereva kwa kuendesha kama mgonjwa. Nyanya akacheka hadi akajipangusa macho. "Hiyo ni uongo mtupu. Haya, dereva alimjibu nini?"

Mama hakurudi. Hatukuwahi kuambiwa kwa nini.

Leo naishi Kakuma, peke yangu, naandika hadithi. Sikufundishwa na mtu. Vijana wakiniuliza huwa naanzaje, nawaambia kweli: narusha akala. Zilivyoanguka mara ya kwanza naziacha hivyo, siandiki. Narusha tena, kisha namtafuta mtu ambaye angezivua namna hiyo, na alikuwa anakimbilia wapi. Wengine wanacheka, wengine wananiombea. Shauri yao. Ukinidanganya sokoni tutagombana mbele ya watu, lakini karatasi yangu inaishi kwa ule uongo wa mara ya pili, na sioni haya kusema.

Jioni nikishaandika, nyumba hunyamaza sana. Hapo ndipo huwa namfikiria nyanya, si mama. Alijua zinadanganya, na bado aliniuliza maneno ya dereva. Mama alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Mimi nilikuwa na nyanya wa kumkasirikia. Yeye nyanya hakuwa na mtu.