Debe la Asali kutoka Ipole

Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, nami nikazaliwa huko huko, hatua chache kutoka stesheni. Kwa hiyo tangu nipate akili nimezungukwa na watani. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani, walipita kwetu Uzaramo, wakala kwetu, wakaugua kwetu, wengine wakazikwa kwetu, na utani ukazaliwa humo. Mtani humtukana mtani, humvua kofia, huweza hata kulala kaburini mwake akagoma kutoka, na hakuna wa kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Nilikuwa hodari wa utani, tena hodari sana. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ni huo uhodari ninaotaka kuueleza.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali moja pale mjini. Sikuwa nesi. Nilifagia, nilibadilisha mashuka, nilishika beseni daktari alipokuwa akisafisha vidonda. Lakini ukishika beseni miaka tisa, mkono nao unasoma. Kansa ya titi niliijua kwa kuigusa.

Wa kwanza kunigusisha alikuwa mke wa mwenye duka mmoja wa mtaa wa Kanyenye, Mhindi, mama mkali ambaye dukani kwake huruhusiwi kubonyeza nyanya. Alikuwa ameuona uvimbe wakati wa kuoga, Jumatatu, na Jumatano alikuwa wodini. Aliuchukua mkono wangu mwenyewe akauweka. "Sikia, dada. Kitu gani hii?" Ulikuwa mgumu, mdogo kama kunde, hausogei, kama kokoto iliyozama kwenye ugali. Mumewe alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwa misiba ya jirani, na wiki ile ile wakapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam. Alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda, upande mmoja wa kifua umelala chini ya sari. Aliishi. Miaka kumi na zaidi baadaye alikuwa bado ananifokea kwa kubonyeza nyanya.

Wa vijijini walikuwa wachache, na walipokuja tuliwajua kwa harufu kabla hawajafika mlangoni. Walikaa siku mbili, tatu, daktari akatikisa kichwa, ndugu wakawafunga ndani ya mablanketi wakawarudisha kwao wakafie nyumbani. Wengi waliondoka hata kabla hawajaandikwa daftarini.

Sasa, mwaka mmoja alikuja daktari mkubwa kutoka makao makuu kukagua madaftari yetu. Mimi ndiye niliyempelekea chai. Aliteremsha kidole kwenye safu ya makazi ya wagonjwa wa titi, akasoma kwa sauti: Kanyenye, Gongoni, Ng'ambo, Kanyenye tena. "Mnaona," akamwambia daktari wetu, "huu ni ugonjwa wa mjini. Huko vijijini haupo, au ni kidogo mno. Wanakula vyakula vya asili, wananyonyesha, wana hewa safi." Daktari wetu akakubali. Nami nikatikisa kichwa kukubali, nimesimama na trei yangu, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wale waliofungwa kwenye mablanketi, na bado nilikubali, kwa sababu lilikuwa neno la msomi na lilikuwa limeandikwa.

Mtani wangu alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi kutoka Ipole, huko mashambani. Mumewe alilima tumbaku kama wote, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mizinga ya nyuki aliyokuwa ametundika porini. Mama huyo alikuja mjini kwa lori la ushirika, mara tatu au nne kwa mwaka, na kila alipokuja alipita kwangu na chupa ya soda iliyojaa asali. Alinizidi miaka ishirini. Kwa umri wake ilinipasa kumwamkia shikamoo na kuinama, lakini kati yetu hapakuwa na shikamoo.

"We mpagazi," nilimpokea siku moja mwaka ule ule, "umekuja kunibeba?"

"Nikubebe wewe? Babu yangu alimbeba babu yako mpaka akaota kigongo. Mimi sirudii kosa."

Akakaa barazani, akanyoosha miguu, akaweka chupa yake chini. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Alikunywa maji. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kunichokoza, "Mtani, wewe wa hospitali. Nina jiwe kwenye titi. Hapa." Akagusa juu ya kanga kwa nyuma ya vidole. "Ni nyie wachawi wa pwani mmeniwekea."

"Ni mimi niliyeliweka," nikasema. "Ulikuwa hujui? Na silitoi mpaka uniletee debe zima la asali. Hizi chupa zako za soda zimenichosha."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kujipiga paja. Halafu akasema tena, "Lakini ni gumu, mtani."

"Gumu kama kichwa chako. Tena magonjwa ya titi ni ya wanawake wa mjini, daktari mkubwa kasema. Wewe mla mizizi utayapatia wapi?"

Akacheka tena, kidogo. Akaomba chumvi, nikampa, nikamtukana kwa kuomba chumvi, na lori likapiga honi.

Nimeirudia siku hiyo mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Aliniambia mara mbili. Aliligusa mahali pake. Mkono wangu huu, uliokuwa umelibonyeza jiwe la mama wa Kanyenye, ulikuwa umeshika chupa ya asali, na haukunyooka. Angekuja wodini na maneno hayo hayo ningemkimbilia nesi. Lakini alikuja barazani, na barazani masikio yangu yalikuwa ya kutaniana tu. Mdomo uliponza kichwa, wanasema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Mwaka huo ndio wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Watu wa upande wake walitolewa mashambani mwao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, kila nyumba na nambari yake. Hakuja masika, hakuja baada ya masika. Nilidhani ni kujenga, ni kulima, ni kukausha tumbaku kwa moto kwenye vile vibanda vyao, mabani. Kwa kila dereva aliyekwenda njia hiyo nilituma salamu zangu: "Mwambieni mpagazi wangu nasubiri debe langu. Bila debe silitoi jiwe!" Madereva walizipenda sana salamu hizo. Walizifikisha zote.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, lori la ushirika likasimama mbele ya nyumba yangu. Dereva akateremsha debe, limefungwa kwa kitambaa na kamba ya gome la mti. Alikuwa akicheka.

"Mama wa Ipole anasema, debe hilo hapo. Sasa toa jiwe lako."

Nami nikacheka. Nikafungua kitambaa. Asali ilikuwa nyepesi, imechanganyika na masega yenye majana, wale watoto wa nyuki weupe wasiokomaa. Hakuna mrina asali anayeifungua mizinga wakati huo, labda awe mwivi au mwenye shida. Mizinga yenyewe ilikuwa imebaki kule walikohamishwa, mwendo wa siku nzima kutoka kijiji kipya. Mtu alikuwa ameifuata kwa miguu, akairina yote kabla ya wakati wake, akajaza debe.

"Yeye mwenyewe yukoje?" nikamuuliza dereva.

"Sijamwona. Mumewe ndiye aliyenipa. Anasema amelala."

Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda lori lile lile. Sikumbuki njia. Nakumbuka nyumba, mpya, udongo wake bado una rangi mbili, na nakumbuka harufu iliyonipokea uani. Sikuwa mgeni wa harufu ile. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka upande wa dirisha, amefungwa kanga kifuani, na chini ya kanga majani, na chini ya majani sitaki kusema. Kwenye zahanati ya kijiji walikuwa wamempa aspirini na ile dawa ya rangi ya zambarau. Mkono wake wa upande huo ulikuwa umevimba kama wa mtu mwingine.

Nilipiga magoti. Ulimi wangu, ambao haukuwahi kukosa tusi, ukakosa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. Kisha akageuza uso ukutani. "Kumbe ni hivyo. Ukiona mtani wako anakuamkia, basi."

Nililia kama mtoto. Nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza: kwa nini hakunieleza vizuri, kwa nini hakwenda hata hospitali ya wamisheni, ambayo ilikuwa karibu naye kuliko yetu?

"Kwa wamisheni simjui mtu," akasema. "Na titi si goti, uliweke mezani. Kwako ndiko nilikoweza kulisema bila haya." Akapumua kidogo. "Nawe ulisema ni la wanawake wa mjini. Nikasema basi, mtani anajua. Lilipokua, mume wangu akasema labda kweli umelitia wewe. Nikamwambia, huyu ni mtani tu. Akasema, tujaribu asali, haitadhuru."

Hakusema kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Nitukane," akaniambia jioni. "Usiniamkie tena kama mkwe. Nitukane."

Nikamwita mpagazi. Nikamwita mla panya. Nilimtukana kila tusi nililolijua huku nikimpepea nzi, naye alitabasamu kwa matusi mawili au matatu. Lori lilikuwa lirudi Ijumaa. Nilikuwa nimepanga tumbebe ndani ya blanketi mpaka Tabora, aandikwe, atazamwe, apate walau sindano ya maumivu. Alikufa Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Kwenye daftari letu la wodi hakuna mstari wake, na mkaguzi mwingine akija atateremsha kidole tena akasoma Kanyenye, Gongoni, Kanyenye.

Walipokuwa wakichimba kaburi, mumewe alinifuata uani. Mzee mrefu, kimya, mikono ina makovu ya nyuki. "Mtani ni wewe peke yako hapa," akasema. "Kazi yako unaijua."

Niliijua. Hakuna msiba wa Mnyamwezi unaokwisha vizuri bila mtani wa kuuchekesha. Wakanipaka majivu usoni. Wakanipa kanga yake niivae nje ndani, wakanitwika mtungi, nikatembea kama alivyotembea yeye, magoti wazi kidogo, na wanawake wakaanza kucheka huku wakilia. Nilijiona kama mtu aliyekodishwa. Hapo ndipo bibi mmoja, shangazi wa marehemu, akasema kwa sauti, kwa kuhuzunika tu, "Ndiyo hivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hasira ilinipanda mpaka kwenye macho. Nikautua mtungi.

"Hakuficha!" nikapiga kelele. "Alisema! Aliniambia mimi, mara mbili, barazani kwangu! Akaligusa akanionyesha! Nikamcheka. Nikamwambia ni mimi niliyemroga, alete debe la asali nilitoe. Kaleta asali. Mzee wa watu kaifuata porini kwa miguu, kaua nyuki wake wote, na jiwe sikulitoa. Nimemuua mimi! Mnasikia? Mimi hapa ndiye niliyemuua!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake walishikana mabega. Wachimba kaburi waliegemea majembe yao. Yule shangazi alikaa chini kabisa, hawezi, anapunga mkono niache. Nilirudia, nikaapa, nikajipiga kifua, na kila nilivyorudia ndivyo walivyozidi, maana hawakuwahi kumwona mtani mzuri kiasi hicho.

Ijumaa mume wake alinisindikiza mpaka kwenye lori. Tangu Alhamisi nilikuwa sijamwona akiinua kichwa, ila pale uwanjani, alipocheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mtani," akasema. "Hata yeye angecheka."