Niliyeunguza Trekta la Kitahana ni Mimi

Niseme mapema kabla sijapata woga: aliyeunguza lile trekta ni mimi. Si Yustina. Mimi na mikono yangu hii na kiherehere changu!

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Kasulu. Yustina ni mchumba wangu, wa Kitahana kule Kibondo, na baba yake ana trekta la petroli la zamani sana, waliloacha mapadri wazungu. Dereva wake ni Yustina mwenyewe. Msichana, jamani! Alimbembeleza baba yake mpaka mzee akachoka, na siku alipokaa kwenye usukani wanawake wa kijiji walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Tangu hapo akishika usukani anaimba. Mimi nilimpendea hapo hapo.

Sasa trekta hilo ni la volti sita. Betri yake ilikuwa haina nguvu hata ya kuwasha taa vizuri, kwa hiyo kila asubuhi lilikuwa linasukumwa. Majirani wanakuja na majembe yao, "Mwakeye, mwakeye," wanasalimia kwa Kiha, wanaegemea nyuma, wanalisukuma mpaka kwenye mteremko, Yustina anaachia klachi, linakohoa, linawaka. Aliyesukuma ndiye anayelimiwa kwanza. Ndivyo walivyozoea.

Mimi nikaona aibu. Mkwe mtarajiwa, fundi umeme, halafu trekta la ukweni linasukumwa! Nikajiambia nalibadilisha liwe la volti kumi na mbili, liwake kwa ufunguo, mzee anipende mpaka asahau mahari.

Nikaenda kwa mzee wa duka la spea pale mjini, yule ambaye ndugu zake wote wako Tanga. Nikamwambia nataka betri ya kumi na mbili. Akaniuliza, "Na koili ya kupigia cheche je?"

"Koili ipo, mzee wangu. Ile ile ya zamani."

"Ya volti sita? Itaungua, mwanangu. Umeme unaipita uwezo. Ngoja Alhamisi ijayo, gari la Kigoma linaniletea ya kumi na mbili."

Alhamisi! Na mimi nilishawatangazia watu kwamba Jumamosi hii litawaka kwa ufunguo! Nikajua anachosema ni kweli, maana hata mwanafunzi wangu wa pikipiki angejua. Lakini nikasema moyoni, itavumilia tu siku chache. Nikabeba betri nikaondoka.

Jumamosi ikafika. Lo! Nisikudanganye, sijawahi kuwa na raha kama ile. Nimefunga betri, Yustina kapanda, kazungusha ufunguo, na stata ikazunguka kwa kasi ambayo chuma kile hakijawahi kuiona tangu kitoke kwao. Mara moja tu, likanguruma! Watu wakapiga kelele, kuku wakatawanyika, mzee akavua kofia akaivaa tena, akaivua tena. Mimi nikaruka ruka pale uani kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Na ulimi wangu nao ukatoka nje. Nikawaambia wasukumaji, "Kuanzia leo nendeni mkalale! Kazi yenu imeisha!" Wakacheka, lakini si sana. Taa ya mbele, nayo ya volti sita, ilipopasuka, pwaa, nikasema, "Taa ya nini mchana?" Kila mtu akaniona mjanja.

Yustina akaingia shambani anaimba. Akalima mstari wa kwanza, wa pili, akawa anageuka chini karibu na migomba. Hapo moshi ukatoka. Mweusi, una harufu ya lami. Trekta likazima kimya katikati ya shamba, na mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika upande wa Busunzu.

Mzee akaja mbio. Akaniuliza mimi, "Fundi, limefanya nini?"

Ungeniona! Koili ninaiona kwa macho yangu, imetoa ute mweusi. Jibu ninalijua. Watu wote wananitazama, wale wale niliowaambia wakalale. Na mdomo wangu, huu huu ninaokulia ugali, ukasema, "Labda alilikimbiza sana, baba."

Yooo! Nililisema! Mbele ya Yustina mwenyewe!

Mzee hakumgombeza. Alinyoosha mkono tu, Yustina akampa ufunguo, mzee akautia mfukoni. "Usukani tuwaachie wanaume," akasema. Yustina akashuka, akachukua jembe la mama yake, akaenda kulima pembeni. Hakuimba. Na mimi mchana nikakaribishwa nikala dagaa wao, nikaongezwa mchuzi. Wallahi, ule mchuzi ulinikaba.

Zile siku nilizorudi Kasulu sikutengeneza hata pikipiki moja vizuri. Nafunga taa, napata honi. Kila nikifumba macho namwona anatoa ule ufunguo. Msichana mmoja tu kijijini aliyepewa usukani, na mimi nimemshusha kwa neno "labda"!

Alhamisi nikachukua koili, Ijumaa alfajiri nikapanda pikipiki mpaka Kitahana. Na shetani alikuwa amekaa nyuma yangu njia nzima. Ananiambia: funga tu, litawaka, watakusifu, nani atajua? Angalia shetani alivyo mtamu wa maneno!

Nikafika, nikakuta wasukumaji wamekuja. Ndiyo, wale wale! Walikuwa wamelisukuma trekta toka shambani hadi uani bila mtu kuwaambia. Nikafunga koili, halafu kabla ufunguo haujaguswa nikasema kwa sauti:

"Baba, aliyeliunguza ni mimi. Niliambiwa nibadilishe koili nikakataa kungoja. Yustina hana kosa. Nilidanganya."

Halafu mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee peke yake hakucheka. Alimwendea binti yake, akautoa ufunguo, akaushika kwa mikono miwili. "Mama, nimekukosea," akamwambia. Sijawahi kumwona mzee wa Kiha akimwomba mtoto wake radhi mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

Yustina akaupokea. Akanitazama. "Nilijua," akasema. "Pua ninayo, koili ikiungua naisikia. Nilikuwa nangoja kuona utakaa kimya mpaka lini."

Akapanda. Nikasema, "Sasa zungusha, linawaka lenyewe!"

"Leo sizungushi ufunguo. Sukuma."

"Na nani?"

"Ulisema wengine wakalale!"

Weee! Nilisukuma trekta zima peke yangu, kijiji kinapiga makofi, bibi mmoja ananiimbia. Miguu inateleza, suruali imepasuka, na mimi nacheka kama nimerogwa. Lilipofika kwenye mteremko likaondoka, nikaanguka kifudifudi kwenye matope. Lilipowaka nilikuwa na udongo mdomoni. Na juu ya kelele za injini nikamsikia anaimba.

Nikamkimbilia pembeni. "Na sisi je? Wazee wangu wanakuja kuleta posa mwezi ujao!"

"Waambie wakae kwanza nyumbani," akapiga kelele bila kusimama. "Nataka nikuone ukikosea mara nyingine, kama utasema mwenyewe!"

Basi ndugu zangu, ndiyo hali yangu. Posa imesimama, na siwezi kumlaumu. Juzi nilimwaga petroli kidogo uani kwao, nikakimbia mpaka shambani kumwambia ni mimi. Akasema hiyo ni ndogo, haihesabiki.

Mnaosoma hapa, nawaomba sana: ukiunguza kitu cha watu, sema moshi ungali unatoka, wala usimsogezee mtu lawama ili wewe uongezwe mchuzi. Utakuja kuwa kama mimi, mtu mzima ninayeamka kila asubuhi nikimwomba Mungu anipe kosa kubwa la kutosha.