Shukrani Ambazo Bibi Hakuzitoa

Juzi nilishuka mwaloni Katonga kununua dagaa, nikakuta turubai limetandazwa na viti vimepangwa. Mkubwa fulani anakuja kusikiliza kero za wananchi. Nikacheka peke yangu hadi muuza dagaa akanitazama vibaya. Nisamehe, rafiki yangu. Mimi nimewahi kusikilizwa.

Nililelewa kambini, ndani kidogo ya barabara ya Kasulu, na bibi aliyenivusha kutoka Burundi mgongoni. Kila Alhamisi afisa alikuja kutusikiliza. Wazee wetu hawakujua Kiswahili, kwa hiyo alikuwepo mkalimani, mtu wa kwetu kabisa, shati jeupe, kola imekakamaa kwa wanga wa muhogo wakati sisi huo muhogo tunautafuta.

Msimu mmoja tuligawiwa unga uliovunda. Rangi ya majivu, harufu ya gunia lililolowa. Mdogo wangu akaharisha hadi macho yakaingia ndani. Alhamisi ilipofika bibi akasimama, akaeleza yote kwa Kirundi, taratibu, bila kulia. Mkalimani akamgeukia afisa: "Bibi anashukuru sana kwa unga."

Afisa akaandika. Akapiga na makofi, mjinga yule.

Kiswahili nilikuwa nimekiokota kwa watoto wa Kiha kisimani. Nikamnong'oneza bibi alichosemewa.

Alhamisi iliyofuata alisonga ugali wa unga ule ule, akaupeleka mbele kwenye sahani, akanishika mkono. "Sema wewe."

"Shikamoo, Mzee. Bibi anasema karibu ule. Ndio unga ulioambiwa anaushukuru."

Afisa alimega tonge, akalinusa, akalirudisha. Mkalimani akashikwa na kikohozi cha ghafla. Nyuma yetu mama mmoja akasema, "Kula, Mzee!" Wengine wakadakia, hata wasiojua Kiswahili, uwanja mzima: "Kula, Mzee! Kula!"

Unga mzuri ulikuja baada ya wiki mbili. Bibi naye akanyimwa kibali cha kutoka kwenda kulima vibarua, eti hana adabu. Alhamisi zikafutwa. Mkalimani akapewa ofisi.

Bibi alirudi kwao, akafia huko. Kambi imekuwa mashamba, na wale kina mama sijui wametawanyikia wapi. Ninachokikumbuka zaidi ni kimya kilichofuata. Kipindi kile chote kilichobaki hakuna aliyesimama tena kusema lolote, na afisa akaandika kwamba wakimbizi wameridhika.