Koti la Maduhu

Mwanangu, ile Jumapili ya shukrani ya mavuno naikumbuka vizuri, maana ndiyo siku wivu ulinitoa kanisani miguu yangu ikiwa mizima.

Kwanza unijue. Shule niliishia darasa la nne kule Mpui, lakini leo mashine za kusaga ninazo hapa Milanzi na nyingine ninazo Matai, na sikurithi hata mpini wa jembe. Jina langu Polikapi watu wamelisahau, wananiita Mzee Mashine. Mabati ya kanisa letu upande wote wa kulia ni mkono wangu. Kwa hiyo benchi la kwanza upande ule lilijulikana ni la nani. Halikuandikwa jina, ila ukikaa pale watu walikuangalia.

Siku hiyo nilitoa magunia ya mahindi na gunia la ulezi uliopepetwa ukang'aa. Nikakaa, nimejiweka sawa, nasubiri kutajwa. Mara vigelegele nje! Maduhu, mfugaji aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Usukumani, kaleta dume la ng'ombe mpaka mlangoni, limefungwa kitambaa chekundu shingoni. Kanisa zima likageuka. Padri naye akalisifia dume lile mpaka akasahau magunia yangu. Na kwa kuwa watu walikuwa wamejaa, wakamleta Maduhu akae wapi? Ubavuni kwangu. Nikasogea hadi ukutani, nisigusane naye.

Nilirudi nyumbani, sahani ya chakula nikaisukuma kando.

Jumapili iliyofuata nikamwambia mke wangu, "Nenda na watoto. Mimi leo nasali humu humu ndani."

Vijana wa kwaya walikuwa wameanza kurusha misa mtandaoni kwa simu waliyoifunga kwenye nguzo, na runinga ya sebuleni kwangu ni pana, wageni huisifia kabla hawajanisalimia. Nikakaa kwenye kochi na chai yangu, nikijiona nimewazidi wote. Tulibaki mimi na shangazi Skola, dada wa baba, aliyenilea. Alikuwa amevunjika nyonga. Yeye misa ile ilimfaa kweli. Alijifunga kitenge kipya, akaitikia kila sala, na wenzake walipotakiwa kusimama, yeye alinyoosha mgongo pale pale kitini.

Mimi sikusali hata neno moja. Nilikuwa namtafuta Maduhu.

Nikamwona. Yuko benchi la kwanza, na mahali pangu kaweka koti lake jeusi, lile zito. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Ufipa mwezi huo unaijua.

"Shangazi, muone! Sehemu moja haimtoshi, kachukua mbili. Na koti kalivua ili tuone shati jipya."

"Sali, Polikapi," akasema.

Jumapili ya pili, koti lipo. Ya tatu na ya nne, lipo. Kila nikiliona, kifua kinawaka. Nilijua ametumia dume lake kuninyang'anya benchi. Jumapili ya tano shangazi akaweka rozari chini.

"Hebu mwangalie mabega yule mtu."

"Anaringa."

"Anatetemeka. Mtu wa maringo angelivaa, koti lenyewe ni zuri kuliko shati. Sasa tazama."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anatafuta pa kukaa. Maduhu akainuka, akampa mahali pake mwenyewe, akaenda kusimama ukutani amejikunyata. Koti akaliacha pale pale.

"Umeona?" shangazi akasema. "Pa kwake kapatoa, pa koti kapaacha. Unadhani anamwekea nani?"

Ikafika wakati wa kutakiana amani, wakaanza kupeana mikono kule. Shangazi akanyoosha wake, nikaupokea. Hakuniachia.

"Mimi nimevunjika nyonga," akasema. "Wewe umevunjika nini?"

Mwanangu, nimetukanwa na madereva wa malori, lakini sijawahi kuchomwa na neno kama lile.

Jumapili ya sita nikaenda mapema. Maduhu aliponiona tu, akalichukua koti, akalivaa na kulifunga vifungo mpaka shingoni.

"Karibu, Mzee Mashine! Umenigandisha majuma matano, bwana!"

"Si ungelivaa tu?"

"Ningelivaa, watu wangekaa mahali pako." Akacheka, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Siku ya mavuno ulisogea ili nikae. Tangu nihamie hapa, hakuna aliyewahi kunipisha nikae."

Sikumwambia kwa nini nilisogea. Mpaka leo sijamwambia. Niliketi, nikaimba kwa sauti kubwa ili nisije nikalia mbele za watu.

Sasa sikia. Misa ya kwenye simu siikatai. Ni ya mgonjwa, ni ya aliye safarini, ni ya shangazi yangu. Lakini wewe mzima ukibaki ndani, utawaona watu wote na wao hawatakuona. Utaona koti, hutajua limewekwa kwa ajili yako. Na kama umeudhika na mtu, ndiyo usikose kabisa, kakae karibu naye. Wivu ukiulea sebuleni unanenepa. Usidhani nimepona: juzi Maduhu kanunua trekta, na usingizi ulinipaa. Lakini Jumapili nilikwenda, nikampa mkono.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha kwa wenzako. Akulinde na jicho linalohesabu baraka za jirani. Na siku utakayochelewa, awepo mtu wa kuvumilia baridi akikuwekea mahali.