Foleni ya Doña Obdulia

Goti la kushoto la Doña Obdulia Tlapanco lina kisirani. Likanyagishe saruji, linagoma. Likanyagishe nyasi, linagoma na usiku kucha linalalamika. Katika Jiji zima la Mexico linatii mahali pamoja tu: kona moja ndani ya stesheni ya metro ya Fuente Quebrada, chini ya ngazi, ambako marumaru imesuguliwa na viatu vya abiria mpaka imekuwa laini kama sabuni iliyolowa. Pale mguu hauinuliwi, unateleza tu. Na danzón ni ngoma ya kuteleza.

Kwa hiyo usije ukamwambia aende kucheza bustanini kama wazee wengine. Alishaambiwa, akajaribu, akarudishwa nyumbani kwa teksi, ameukumbatia mguu wake kama mtoto wa kuazima.

Asubuhi anauza tamali mlangoni mwa stesheni hiyo hiyo, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, za kuku na pilipili ya kijani, na mdomo wake una moto kuliko sufuria. Mteja akiuliza kama tamali zina joto, anajibiwa, "Hapana mwanangu, huo moshi ni sigara yangu." Ni mjane. Ana mabinti watatu, wote wako Tijuana, wote wanampigia simu kumfundisha kuishi. Kwenye simu anakubali kila kitu. Akikata, anafanya anavyotaka.

Na Alhamisi jioni anachotaka ni hiki: gauni la zambarau, viatu vya kisigino, pepeo mkononi, na kushuka zile ngazi kwenda kucheza na jozi nyingine kama saba za wazee, huku ndugu wawili wa ukoo wa Cuéllar wakipuliza filimbi na kutwanga ngoma. Shughuli yao imo kwenye ratiba ya utamaduni ya stesheni, imebanwa katikati ya maonyesho ya picha za vyura na mashindano ya sataranji.

Mwenza wake ni Don Fidencio Arriola, mng'arisha viatu mstaafu, kofia yenye unyoya, suruali pana utadhani mapazia ya ukumbi. Anacheza vizuri mno. Ana kasoro moja tu, hawezi kumwambia mwanamke yeyote "hapana". Kasoro hiyo imeshamwozesha mara nne.

Sasa, Alhamisi moja akaja kijana wa ofisi ya utamaduni, msomi mwenye digrii, Licenciado Iker Barragán. Tai nyembamba, ndevu kama zimechorwa kwa rula. Akawaita wazee wote.

"Mama zangu, baba zangu, nawapenda sana. Ila hamna watu. Abiria wanawapita tu. Wiki ijayo nakuja kuangalia mwenyewe. Nisipokuta umati, kona hii naipa yoga ya kucheka."

"Yoga ya nini?" Doña Obdulia akauliza.

"Ya kucheka. Watu wanakaa chini, wanacheka pamoja. Ni nzuri kwa moyo."

"Wanacheka nini?"

"Hawacheki kitu, Doña. Wanacheka tu."

"Yaani tunafukuzwa na vichaa," akasema. Akafunga pepeo lake kwa kishindo, paa!

Wiki nzima hakuuza tamali bila kuambatanisha mwaliko. Mteja anapewa tamali, anapewa na onyo: Alhamisi usipokuja, Ijumaa utakula mkate mkavu. Wote wakasema, "Nakuja, Doña, sasa hivi nakuja." Na pale mjini mtu akikuambia "sasa hivi nakuja", wewe oga, kula, lala, oza binti zako, yeye bado yuko njiani.

Alhamisi ikafika. Hakuja hata paka.

Saa kumi na moja jioni, abiria wanamwagika kutoka kwenye treni kama maharage kwenye gunia lililotoboka, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Juu ya ngazi Licenciado Iker amesimama, simu mkononi, uso wa mtu ambaye ameshaagiza mikeka ya yoga. Ndugu mkubwa wa Cuéllar akapaza sauti: "Heeei, familia! Danzón hii ni kwa heshima ya Doña Obdulia na wote waliomsindikiza!" Waliomsindikiza hawakuwepo. Wakaanza hivyo hivyo.

Danzón ina adabu zake. Kibwagizo kikirudi, huchezi. Unasimama wima kando ya mwenza wako, mwanamke anajipepea, mwanamume anaweka sura ya mwenye mali, mnasubiri wimbo wenyewe urudi. Atakayecheza kwenye kibwagizo huyo hakufundwa.

Basi kibwagizo kikarudi, wazee wakasimama, na papo hapo treni nyingine ikashusha watu. Yatziri, polisi wa kike wa getini, akapuliza filimbi yake akaharibu ya Cuéllar.

"Wazee wangu, mnaziba njia! Jipangeni ukutani! Mstari mmoja, mstari mmoja!"

Wakajipanga. Doña Obdulia mbele, wengine nyuma, Don Fidencio mwisho kabisa kwa sababu alikuwa anawapisha wanawake wote, mmoja mmoja, kwa kuinua kofia.

Hapo ndipo jiji likajichanganya lenyewe. Maana watu wa pale wanaiamini foleni kuliko wanavyoiamini serikali. Ukikuta wazee wamesimama mstari mmoja ndani ya stesheni, wametulia, wanajipepea, ujue kuna kitu kinagawiwa. Huulizi ni nini. Unashika nafasi kwanza.

Mama mmoja mwenye mifuko mitatu ya sokoni akafunga breki.

"Wa mwisho nani?"

"Ni mimi, malkia," Don Fidencio akasema, kofia juu. "Karibu nyuma yangu."

Mama akaweka mifuko chini. Nyuma yake akaja kijana wa kuuza chaja. Nyuma ya kijana, manesi wawili. Nyuma ya manesi, usiniulize, mstari ulishakata kona.

"Wanatoa nini hapa?"

"Miwani. Ya bure."

"Miwani gani! Ni kuku. Shemeji yangu alipata juzi, mzima na miguu yake."

"Nyie mnaota. Ni chanjo ya mbwa."

Mwanamume mmoja kusikia chanjo ya mbwa akakimbia nyumbani, akarudi anahema, amembeba mbwa mnene aliyevaa sweta. "Nani amenishikia nafasi?" Hakuna aliyemshikia. Akaenda nyuma anatukana, mbwa naye anabweka kumuunga mkono.

Ndugu wa Cuéllar, kuona watu wanaongezeka, walikuwa wanakirudia kibwagizo tena na tena; mara kikaisha. Wimbo ukarudi. Wazee wakashikana, wakateleza kuelekea kushoto.

"Inakwenda!" mama wa mifuko akapiga kelele. "Foleni inakwenda! Msiachie nafasi!"

Akaitundika mifuko viwikoni, akamdaka Don Fidencio mabega. Kijana wa chaja akamdaka mama. Manesi wakamdaka kijana. Wazee wakienda kushoto, foleni kushoto. Wazee wakizunguka, foleni inazunguka na mifuko yake. Hakuna aliyejua anacheza. Kila mtu alikuwa analinda haki yake.

Doña Obdulia akapita karibu na mwenza wake, ambaye sasa alikuwa ameng'ang'aniwa kama nguzo ya basi.

"Fidencio! Umewaambia nini hawa watu?"

"Sijawaambia kitu! Mama ameuliza wa mwisho nani, na wa mwisho nilikuwa mimi. Ulitaka nimdanganye?"

"Huyo mama ana mikono kwenye shingo yako."

"Analinda nafasi, maskini."

"Na mimi nitakulindia kaburi."

Akatupa jicho juu ya ngazi. Licenciado Iker simu ameiweka mfukoni. Mdomo wazi. Anashuka.

Doña Obdulia akaelewa amebanwa. Akisema ukweli, kwamba hapa hakigawiwi hata kiberiti, foleni itayeyuka mbele ya macho ya kijana yule na kesho pale watakaa watu wanacheka bure. Akinyamaza, watu watagundua wenyewe. Na mtu wa pale aliyesimamishwa bure hana dogo.

Iker alifika chini akajaribu kusogea mbele ili aone vizuri. Kosa.

"Wewe wa tai! Unaingia wapi?" nesi mmoja akamkaba kwa sauti.

"Mimi ni wa ofisi ya..."

"Hata ungekuwa wa mbinguni! Nyuma! Kwanza wa ofisi ndio wezi wa nafasi!"

"Nyuma! Nyuma!" foleni nzima ikaitikia. Yatziri mwenyewe akamshika kiwiko, akampeleka mwisho kabisa, nyuma ya mbwa. Akakaa huko anasogea, hatua kushoto, hatua kulia, mbwa akimnusa suruali.

Bendi ikasimama kupumua. Mama wa mifuko akamwacha Don Fidencio, akajipenyeza mpaka mbele.

"Haya, bibi, mimi wa kwanza. Mnatoa nini?"

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Doña Obdulia akafunga pepeo lake.

"Danzón," akasema.

"Danzón ni nini, inaliwa?"

"Hailiwi. Kila mtu anapata moja. Unacheza na mimi, au na Don Fidencio."

Mnung'uniko ukapita kama upepo kwenye mabati. Wawili watatu wakatoka wakisonya. Mwenye mbwa akasema atashitaki. Mama wa mifuko akamtazama Doña Obdulia juu mpaka chini.

"Nimesimama hapa treni ngapi zimenipita. Unadhani nitaondoka mikono mitupu? Lete hiyo danzón yangu." Akageukia wenzake. "Na yeyote asithubutu kuchukua mbili!"

Hapo ikaisha kazi. Kama kinatolewa na kina mpaka wa moja kwa kila mtu, basi ni kitu cha maana. Hata waliotoka wakarudi, wakakuta nafasi zao zimeliwa, wakaanza upya nyuma. Doña Obdulia akacheza na kijana wa chaja, akacheza na fundi bomba mwenye bomba lake begani, akacheza na mwanafunzi aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti mpaka akaambiwa anyamaze, huu si mtihani. Goti halikusema neno.

Zamu ya Licenciado Iker ikafika jasho limeshamvuruga ndevu. Akamkanyaga Doña Obdulia mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akaomba radhi kwa ukuta.

"Doña," akasema, macho yanang'aa, "hii ni ajabu. Foleni kama ngoma! Abiria wenyewe ndio wasanii! Nani amebuni?"

Don Fidencio, mtu mkweli, akafungua kinywa. Doña Obdulia akateleza upande wake na kumshindilia kisigino juu ya kiatu. Kinywa kikafungika.

"Mimi," akasema. "Tumefanya mazoezi sana."

"Kona ni yenu. Wacheka bure nitawapeleka stesheni nyingine. Ila nina sharti moja. Kila Alhamisi lazima foleni iwepo, hii hii, na watu wasiambiwe mapema. Ndiyo sanaa yenyewe."

Doña Obdulia akamtazama kijana wa watu, msomi mzima, anamwomba kwa unyenyekevu awahadae wakazi wa jiji kila wiki kwa kibali cha ofisi.

"Nimekubali," akasema. "Sasa pisha, mwanangu. Kila mtu moja, na yako imekwisha."