Jembe la Maji

Mama Safari hakuwahi kukupa kitu kabla ya kukitikisa. Chupa ya kikohozi sawa, imeandikwa ubavuni. Lakini yeye alitikisa hata vidonge, hata kiberiti. Duka lake la dawa baridi lilikuwa Makote, na ulikuwa wakati wa ruksa: mitumba ruksa, redio ruksa, wachuuzi wa Dar wakipanda Newala na maboksi yao.

Katika boksi moja ilikuja dawa ya maji ya kuongeza damu. Rahima, jirani yake, alikuwa na mimba ya miezi saba, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Akiinua ndoo, moyo unamwenda mbio. Vidonge vya zahanati vilikwisha tangu msimu wa korosho. Chupa ya kwanza ilimpa nguvu ya kufagia uwanja. Alipofuata ya pili, alimkuta bwana mkaguzi wa dawa amekalia kiti pekee cha duka, orodha magotini.

"Humu orodhani kuna chuma cha vidonge," alisema mkaguzi. "Hiki chako cha maji kimefungamana na sukari, minyororo mirefu. Hakimo."

"Kwa hiyo si dawa, baba?" aliuliza Mama Safari.

"Si dawa. Marufuku kukiuza hapa."

"Basi ni chakula."

"Chakula chenye chuma? Hapana."

"Haya, tuandikie."

Akaandika kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri: si dawa, si chakula, ni chuma. Mama Safari aliitikisa ile karatasi, akaisoma, akacheka.

Vumbi la gari la mkaguzi halijatulia, Mama Safari amekwisha kubeba boksi zima hadi kwa Nurdin, muuza misumari na majembe.

"Serikali imesema chuma," alimwambia, akiibandika karatasi ukutani. "Chuma kinauzwa kwako."

Nurdin akakiita jembe la maji. Mkaguzi alirudi mara mbili, akapita mbele ya misumari bila kugeuza shingo. Orodha yake haikuwa na majembe.

Mimba ilipokaribia miezi tisa, Rahima alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Chiwata. Alijifungua salama. Aliporudi na mtoto mgongoni, duka la Mama Safari lilikuwa limefungwa na mwenyewe amezikwa. Alibaki na maneno ya siku ile ya kuondoka, Mama Safari akiitikisa chupa ya mwisho dirishani mwa gari:

"Tikisa kwanza, mwanangu. Na wakikuuliza, sema unakwenda kulima."