Sura Ngeni Mlangoni

Juma lililopita nilikuwa kwenye kaunta ya mfanyabiashara wa jumla huku mtaani Bel-Air, anayewauzia wenye maduka unga na mafuta. Redio ilikuwa imetoka kusema kwamba mjini watu wanavunja maghala.

Mfanyabiashara huyo, patron kama tunavyomwita, aligeuka ghafla kwa binti yake. Binti huyo ndiye anayeweka Facebook na WhatsApp picha ya depo, ghala lao, kila Jumatatu, magunia yakigusa bati na anwani chini yake, ili wenye maduka hadi Kasomeno, mbali na mji, waagize.

“Toa ile foto! Sasa hivi!”

“Niko naitoa, papa. Lakini ba-client balikwisha kuituma kwa bengine.”

“Batu bangapi?”

Binti alitazama mlango.

“Basi andika: stoku ilikwisha.”

Akaandika, na patron akafunga mlango kwa komeo. Robo saa haikupita, tukasikia vishindo nje, kisha ngumi kwenye mlango wa chuma.

“Patron, fungula! Ni siye ba-client! Unga ikikwisha kwako, siye tutauzisha nini?”

Patron alichungulia kwenye ufa, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja.

“Ule namujua. Ule pia. Ule mama namujua.” Kidole kikasimama. “Na bale babili?”

“Pengine ni ba-client bapya, papa,” binti alinong’ona.

Miaka yote picha zile zilipigwa ili zimletee patron sura ngeni. Siku hiyo zilimletea mbili, naye akasukuma komeo la pili, na mimi nikamsaidia.